Guangzhou mpaka Yiwu: ndege, treni ya mwendokasi au treni ya usiku, ipi inakufaa?

Watu wanaojiandaa kufuata mzigo China wanauliza sana hili swali, eti kutoka Guangzhou mpaka Yiwu ni mbali kiasi gani na ndege inatumia muda gani, na majibu wanayopewa ni ya haraka haraka tu: "masaa mawili, panda ndege." Kweli ni mawili, ila hayo ni masaa ya ndege, sio masaa yako. Masaa yako wewe yanaanza pale unapofunga mlango wa chumba Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi, na begi mkononi, yanaisha pale unaposimama mbele ya duka la kwanza kwenye soko la Futian kule Yiwu unauliza bei, na ukihesabu hivyo picha inabadilika kabisa. Ndio nimeona niziweke njia zote hapa mtu aangalie mfuko wake, kilo zake na siku alizonazo, achague.

Kwanza umbali wenyewe. Kwa anga, uwanja wa Baiyun wa Guangzhou mpaka uwanja wa Yiwu ni kama kilomita 940. Kwa vipimo vya kwetu hiyo ni zaidi kidogo ya Dar–Mwanza kwa ndege na haifiki Dar–Kigoma. Yiwu iko mkoa wa Zhejiang, kaskazini mashariki ya Guangzhou, na ndege inakata mshazari. Treni haikati mshazari. Njia kubwa ya treni ya mwendokasi inapanda kwanza kaskazini mpaka Changsha, halafu inakunja kulia inapita Nanchang ndio iteremke Zhejiang, ukijumlisha unapata kama kilomita 1,500. Kuna treni nyingine zinapita Ganzhou, zinakata kona kidogo. Kwa hiyo ukisikia mtu anashangaa treni inayokimbia kilomita 300 kwa saa inatumia masaa saba kwenda mji ambao ndege inafika kwa mawili, usimcheke, ila ujue treni inatembea zaidi ya mara moja na nusu ya umbali wa ndege.

Sasa kitu ambacho wengi hawakiangalii kabisa ni masaa ya soko. Soko la Futian, lile ambalo kwenye ramani utaliona kama Yiwu International Trade City, linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi hivi na ikifika saa kumi na moja jioni watu wanafunga, na wengi wanaanza kuvuta mageti kabla ya hapo. Ni soko la vibanda kama 75,000, limegawanywa sehemu tano kubwa zinazoitwa kwa namba, na kutoka sehemu ya kwanza mpaka ya tano sio mwendo wa kutembea kwa miguu na viatu vipya. Usiku hamna soko. Kwa hiyo swali la maana sio "nitafika baada ya masaa mangapi", swali ni "nitafika saa ngapi". Ukifika saa tisa alasiri umepata lisaa limoja na nusu la kuzunguka zunguka, ukifika saa kumi na mbili jioni umeipoteza siku nzima hata kama ulipanda kitu cha kasi kuliko vyote duniani. Na mtu mwenye siku saba China akipoteza siku moja ya Yiwu anaisikia kwenye oda zake.

NDEGE YA MOJA KWA MOJA

Ipo kila siku, na China Southern ndio wenyeji maana Guangzhou ndio kwao. Angani unakaa chini ya masaa mawili, kwenye tiketi itaandikwa kama masaa mawili ukijumlisha kuzunguka uwanjani.

Hesabu halisi kutoka Xiaobei iko hivi. Metro unapanda laini namba 5 stesheni moja tu mpaka Guangzhou Railway Station, unahamia laini 2 kwenda Jiahewanggang, unahamia tena laini 3 mpaka uwanjani. Bajeti lisaa limoja, na kama una begi kubwa na ngazi zinakukera chukua Didi, ile teksi ya kuita kwa simu, ila ujue saa za asubuhi na jioni barabara zinajaa. Angalia terminali kwenye tiketi mapema, maana stesheni ya metro ya Terminali 1 na ya Terminali 2 ni mbili tofauti na ukishuka ya kwanza wakati wewe ni wa ya pili utakimbia. Kaunta inafungwa kama dakika 45 kabla ya kuruka na Wachina kwenye hilo hawana huruma, hata ulie. Weka lisaa na nusu mpaka mawili uwanjani, weka masaa mawili ya safari, nusu saa ya kusubiri begi, halafu raha inaanza: uwanja wa Yiwu ni mdogo na uko karibu na mji, teksi dakika 20 au 30 uko hotelini au sokoni. Jumla masaa matano na kitu, sita ukiwa mtu wa kuwahi.

Kwa maana hiyo ndege ya asubuhi na mapema inakupa mchana wote wa soko, na ndege ya usiku inakuwezesha kumaliza kazi zako Guangzhou mpaka jioni, unalala Yiwu, saa mbili na nusu uko getini. Ndege ya saa sita mchana ndio sikushauri hata ikiwa rahisi, inakula asubuhi ya Guangzhou na inakula mchana wa Yiwu, umelipa nauli mara mbili bila kujua.

Yanayouma kwenye ndege ni matatu. La kwanza kilo. Tiketi nyingi za kimataifa za kutoka kwetu zinakupa mabegi mawili ya kilo 23, sasa mtu anatua Guangzhou na mabegi yake mawili halafu tiketi ya ndani aliyokata peke yake inamruhusu kilo 20 tu za kuchekini, na kibegi kidogo cha mkononi. Hapo ni kulipia kilo za ziada au kuacha begi moja kwenye hoteli Guangzhou, na hilo la kuacha ndio watu wengi wanafanya, hoteli za Xiaobei wamezoea, unapewa karatasi na unaandika jina. Kama safari ya ndani imo kwenye tiketi moja na ile ya kimataifa mambo ni tofauti, kwa kawaida kilo za kimataifa zinakwenda nawe mpaka mwisho, kwa hiyo kama unajua toka Dar kwamba unaishia Yiwu muulize wakala wako kabla hajakata.

La pili pawabenki, na hili limeanza kukamata watu vibaya. Tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege zote za ndani ya China haziruhusu pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile alama ya ubora ya kwao kabisa. Zile tunazonunua Kariakoo nyingi hazina hiyo alama hata kama zenyewe zimetengenezwa China, maana zilitengenezwa za kupeleka nje. Itachukuliwa pale kwenye ukaguzi na hutarudishiwa. Na kama wewe unanunua pawabenki za biashara na una sampuli kwenye begi, angalia kila moja. Begi la kuchekini ndio usijaribu kabisa kuziweka huko, watakuita ulifungue.

La tatu kuchelewa. Anga ya China sehemu kubwa iko mikononi mwa jeshi, njia za ndege za abiria ni nyembamba, kwa hiyo mvua kubwa ikipiga sehemu moja foleni inarudi nyuma mpaka Guangzhou. Miezi ya Juni mpaka Septemba kusini kule ni radi na vimbunga, ndege ya saa nane inaweza kuondoka saa kumi na mbili, hapo mpango wako wote wa masaa matano unageuka kumi. Miezi ya Novemba mpaka Machi shida hiyo inapungua sana.

Bei haina jibu moja, inapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Ukikata wiki mbili tatu kabla, siku za katikati ya wiki, unapata punguzo la nguvu na inaweza kuwa rahisi kuliko treni ya mwendokasi. Ukikata kesho kwa kesho unalipa nauli kamili. Ongeza yuani 50 za ada ya uwanja, na juu yake tozo ya mafuta, ambazo kwenye programu nyingine zinajitokeza mwishoni kabisa ukishafurahi. Na tiketi ya bei ya chini ukiibadilisha unakatwa sehemu kubwa, wakati mwingine kinachorudi hakifiki hata nusu.

TRENI YA MWENDOKASI

Hizi ndio zile zenye herufi G mbele ya namba. Kutoka Guangzhou South mpaka Yiwu unakaa kama masaa sita na nusu mpaka saba na nusu kutegemea treni na vituo inavyosimama, ukipata inayozunguka zaidi inafika hata nane, kwa hiyo usiangalie saa ya kuondoka tu, angalia na ya kufika.

Kwenda Guangzhou South kutoka Xiaobei ni rahisi kuliko kwenda uwanjani, laini 5 stesheni moja halafu laini 2 unakaa mpaka mwisho wa kusini, hakuna kuhama tena. Wanaolala mtaa wa Sanyuanli ndio kabisa, laini 2 inapita hapo hapo kwao. Dakika 50 hivi. Stesheni ni kubwa kuliko viwanja vingi vya ndege nilivyoviona Afrika, kwa hiyo fika dakika 45 mpaka lisaa kabla, pita ukaguzi, tafuta geti lako. Geti linafunguliwa kama robo saa kabla na linafungwa dakika chache kabla treni haijaondoka, na ikisema 08:17 inaondoka 08:17, sio 08:18. Wenye pasipoti za kigeni, kama mashine haisomi, usisukumane nayo, nenda kwenye geti la pembeni lenye mhudumu, anaiskani na unapita. Hakuna tiketi ya karatasi, pasipoti yenyewe ndio tiketi, ndio maana jina ulilojaza wakati wa kukata lazima liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na sisi tulio na majina matatu hapo ndio tunakwama, mtu kajaza mawili akidhani inatosha.

Mlango kwa mlango ni kama masaa tisa. Stesheni ya Yiwu iko nje kidogo ya mji, teksi mpaka Futian ni nusu saa au chini ya hapo.

Sasa ukisikia tisa dhidi ya matano unaona ndege imeshinda, lakini ngoja. Yale masaa ya ndege yamekatwa katwa vipande, metro, foleni, ukaguzi, kukaa, kuruka bila simu, kusubiri begi, hakuna hata kipande kimoja unachoweza kufanya kazi ya maana. Ya treni ni masaa saba ya kukaa sehemu moja, kiti kipana, kuna soketi ya kuchaji, mtandao unashika karibu njia nzima ukiacha kwenye mahandaki, na mahandaki kule milimani ni mengi. Unajibu wateja WhatsApp kama una laini ya simu inayoifungua ukiwa China, unapanga picha za bidhaa, unapiga hesabu za CBM (mita za ujazo za mzigo), unalala kidogo, maji ya moto yapo bure kwa hiyo chai yako na tambi zako zinapikika. Kuna watu orodha zao zote za oda wanazimalizia humo.

Mizigo: rasmi ni kilo 20 kwa mtu mzima na begi lisizidi sentimita 130 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Kwa mazoea mizani haitumiki sana kama uwanjani, mabegi yanapita mashine ya ukaguzi na unaendelea, ila begi la ajabu sana au maboksi matatu yamefungwa kamba watakusimamisha, na hata wasipokusimamisha utayaweka wapi, nafasi ya juu ya kiti na ile ya mwisho wa behewa inajaa mapema. Usiende kwa kutegemea huruma, wewe chukulia ni 20 kweli, ukibahatika ni faida.

Pawabenki kwenye treni ile sheria ya 3C ya ndege haikuhusu, za kawaida zinapita. Ila sampuli za visu vya jikoni na mikasi mikubwa hazipiti treni, zitabaki stesheni, wakati kwenye ndege unaziweka tu kwenye begi la kuchekini. Na zile kopo za kupuliza, dawa za mbu, za nywele, manukato ya chumba, treni inaruhusu kopo dogo tu lisilozidi mililita 150. Kwa wanaofuata vyombo na vipodozi hii iwe kichwani.

Kizuri kingine ambacho watu hawakijui: treni inasamehe. Ukirudisha tiketi siku nane au zaidi kabla hukatwi kitu, chini ya hapo mpaka masaa 48 unakatwa asilimia 5, kati ya masaa 48 na 24 asilimia 10, chini ya masaa 24 asilimia 20. Na ukiachwa na treni unaweza kuibadilisha kwa treni nyingine ya siku ile ile kama nafasi ipo. Kwa mtu ambaye hajui kiwanda kitamwachia saa ngapi, hii peke yake inaweza kuwa sababu ya kuchagua treni. Tiketi zinaanza kuuzwa siku 15 kabla, unaweza kukata kwenye 12306, mtandao wa shirika la reli lenyewe, ambao unakubali pasipoti, au Trip.com ambao wanaongeza kidogo juu.

Bei ya daraja la pili ni yuani mia kadhaa na haichezi sana, leo na kesho ni karibu ile ile, kwa hiyo ikiwa ndege iko kwenye punguzo, treni ndio ya gharama. Usiende na ile akili ya nyumbani kwamba treni ni ya mnyonge na ndege ni ya tajiri, China haiko hivyo.

TRENI YA USIKU

Hizi zina herufi K, Z au T, zinatembea taratibu, masaa 15 kwenda juu mpaka Yiwu. Nauli ya kitanda ni ndogo waziwazi kuliko ya ndege na ya treni ya mwendokasi, na usiku mmoja wa hoteli unauokoa. Kuna kitanda kigumu, vitanda vitatu kwa kwenda juu, sita kwa kila chumba kisicho na mlango, na kuna kitanda laini, vinne na mlango unafungwa. "Kigumu" isikutishe, kina godoro na blanketi, ila cha juu kabisa huwezi hata kukaa, unaingia kwa kuteleza na unatoka hivyo hivyo. Cha chini ni ghali kidogo na watu watakikalia mchana bila kukuomba, ndio desturi. Taa zinazimwa saa nne usiku hivi. Kiti cha kawaida kwa masaa hayo yote, eti kwa sababu ni rahisi zaidi, hapana, mgongo utakudai.

Kwenye hizi kuna mtego mmoja mkubwa, jina la stesheni. Guangzhou ina stesheni nyingi: Guangzhou yenyewe, Guangzhou South, Guangzhou East, na Guangzhou Baiyun iliyofunguliwa Desemba 2023, na treni nyingi za kawaida zilihamishiwa hiyo mpya. Kwa hiyo yule rafiki yako aliyekwenda 2019 akikwambia "nenda pale Guangzhou Railway Station" anakwambia ukweli wa wakati wake. Soma tiketi, nakili jina la Kichina, mwonyeshe dereva.

Nani apande? Mwenye usingizi mzito, asiye na haraka, na aliyepata treni inayofika asubuhi. Ikifika saa kumi alfajiri au saa nane mchana faida yote imekwisha, ya alfajiri utakaa stesheni unasinzia, ya mchana umeshaila siku ya soko. Mimi kwa maoni yangu kwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini au mwenye shinikizo la damu siishauri, tofauti ya hela haistahili.

KUPITIA HANGZHOU

Hii ni njia ya akiba. Guangzhou mpaka Hangzhou kwa anga ni kama kilomita 1,040, ndege ni nyingi mno kwa siku kuliko za Yiwu, na ndio maana siku Yiwu imejaa au bei imepaa Hangzhou bado ipo. Unatua uwanja wa Xiaoshan, unachukua metro laini 19 mpaka Hangzhou East, unapanda treni ya mwendokasi ambayo kwa Yiwu ni nusu saa mpaka dakika 50 hivi. Kuna na basi la moja kwa moja kutoka uwanjani mpaka Yiwu, linakwepesha kupanda na kushuka na mabegi. Ukijumlisha yote ni masaa saba mpaka nane, yaani umelipa ndege lakini umefika karibu sawa na wa treni. Inafaa tu kama huna namna, au kama una kiwanda cha kutembelea Hangzhou au Shaoxing njiani, hasa wa vitambaa, maana Shaoxing ndio kwenye lile soko kubwa la vitambaa la Keqiao na iko pale pale jirani.

Sasa ningekuwa mimi nakushauri

Una siku chache, begi moja la nguo, na mzigo wako utapakiwa na wakala: ndege ya moja kwa moja, ya usiku kwenda na ya usiku kurudi, usijifikirie mara mbili. Kama ni Juni mpaka Septemba basi chukua ya asubuhi ya kwanza, ndege za asubuhi zinapata msongamano kidogo kuliko za jioni ambazo zinabeba ucheleweshaji wa siku nzima.

Ni mara yako ya kwanza China, Kichina hujui hata neno, au mnakwenda watatu wanne: treni ya mwendokasi ya asubuhi, ile ya saa mbili au saa tatu. Mtafika alasiri, soko mtalikosa siku hiyo, sawa, lakini mtaingia hoteli kukiwa na mwanga, mtakula, mtapata laini ya simu, na kesho yake mnaanza wazima. Hii siku ya soko unayoipoteza hapa kwa mgeni haina hasara, maana mgeni anayeshuka kwenye ndege na kuingia Futian moja kwa moja hununua hovyo.

Una sampuli nyingi, chaja, pawabenki, taa za betri: treni. Una vyombo vya jikoni na visu: ndege. Tarehe zako hazijatulia: treni. Unabana hela kweli kweli na una muda: kitanda cha usiku, ila kata cha chini.

Na kabla hujakata ya kurudi, jiulize kama kweli unahitaji kurudi Guangzhou. Watu wengi wanarudi kwa mazoea tu. Mzigo ulionunua Yiwu kwa kawaida unapakiwa pale pale na kontena linatokea bandari ya Ningbo ambayo iko jirani, kuuburuza mpaka Guangzhou uende bandari ya kule ya Nansha ni kulipa usafiri wa bure, labda uwe unauchanganya na mzigo mwingine wa Guangzhou kwenye kontena moja. Na wewe mwenyewe kutoka Yiwu mpaka Shanghai Hongqiao ni treni ya kama lisaa limoja na nusu mpaka mawili. Ethiopian wanatua Guangzhou na wanatua Shanghai pia, kwa hiyo unaweza kukata tiketi ya kuingilia Guangzhou na kutokea Shanghai, na ukifanya hivyo ile safari ya kilomita 940 unaifanya upande mmoja tu. Ila Hongqiao mpaka uwanja wa Pudong ni kuvuka jiji zima, weka lisaa na nusu la ziada. Wa Kenya Airways na Air Tanzania nyie mnarudi Guangzhou tu, hamna ujanja, kwa hiyo hesabu zenu ni za kwenda na kurudi.

Mwisho kuna tarehe. Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ni mara mbili kwa mwaka, ya masika inaanza tarehe 15 Aprili na ya vuli tarehe 15 Oktoba, kila moja ina awamu tatu zenye siku kadhaa za mapumziko katikati, na ya Oktoba ndio hatari maana maonyesho ya Yiwu yenyewe huanza tarehe 21 Oktoba hivi, katikati kabisa ya awamu ya kwanza na ya pili ya Guangzhou. Dunia nzima inataka kuruka Guangzhou–Yiwu kati ya tarehe 19 na 23, ndege zinapanda, hoteli za Yiwu zinapanda zaidi. Ukiwa na safari ya tarehe hizo kata ndege mwezi mmoja kabla, au kaa kwenye simu ile siku ya 15 kabla tiketi za treni zinapofunguliwa. Tarehe 1 mpaka 7 Oktoba wao wana sikukuu, treni hupati kirahisi. Mwaka mpya wa Kichina usiende kabisa, hata ukipata tiketi Futian limefungwa wiki mbili hivi na viwanda vinachelewa kurudi kuliko soko.